Walipeni Batwa Kazi ya Kulinda Msitu

Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: serikali ya Kongo iliwadhulumu Batwa, wenyeji wa asili wa msitu wa Kahuzi-Biega. Iwaombe radhi hadharani, iwarudishie ardhi ya mababu, iwaundie mfuko wa maendeleo. Mfuko huo uko wapi?

Msitu huo ulitangazwa hifadhi ya taifa 1970, na 1975 ikapanuliwa kutoka hekta 60,000 hadi 600,000. Batwa wakafukuzwa. Watu waliojua njia za gorila na miti ya dawa wakageuzwa vibarua katika mashamba ya wengine. Kisha vikaja vita. Wenye bunduki wakawamaliza tembo wa upande wa milimani, na 1997 UNESCO ikaiweka hifadhi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Msitu ulipoteketea hivyo, Batwa walikuwa nje.

Najua nitakavyojibiwa: waliporudi 2018, miti ilikatwa na makala, yaani makaa, yakachomwa. Ni kweli. Lakini makala hayo anayanunua nani? Nenda Kadutu, mjini Bukavu, uwatazame akina mama walioinama chini ya magunia, kamba imewakaza paji la uso. Jioni makala hayo yanawaka kwenye mbabula, majiko ya makaa, za Bukavu nzima, yakipika maharage yetu. Aliyenyang'anywa ardhi akiuza mti tunamwita mharibifu. Sisi tunaokula kwa moto wake tunanyamaza. Aibu!

Kulinda msitu ni kazi, na kazi hulipwa. Kwa miaka mingi hifadhi imetegemea fedha za Ujerumani na wafadhili wengine. Walinzi wanastahili kila faranga wanayopata. Wengi wamekufa kazini. Lakini mfadhili huondoka anapotaka, na anapokuwapo ndiye anayeamua. Nataka fungu katika bajeti ya taifa, fedha za umma, ziende moja kwa moja kwa jamii za Batwa na majirani zao wa Kabare na Kalehe wanaoulinda msitu. Sheria ya Julai 2022 imeshawatambua Batwa na haki zao. Kutambuliwa hakumlishi mtoto.

Na Kinshasa isijifiche nyuma ya vita. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025. Uamuzi wa Tume ulikuwa umeshatangazwa miezi saba kabla.

Wabunge wa Kivu Kusini, bajeti ikiletwa bila fungu hilo, msiipigie kura.