Hesabu Njia Panda Zako

Ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokwisha kuondoka shuleni,

Naandika haya nikiwa Mulago, chini ya kilima cha hospitali, mahali nilipopanga chumba na kufanyia kazi yangu ya kutunga programu za kompyuta. Neno langu ni moja: programu isiyosomeka haijamalizika, hata kama inafanya kazi. Najua wengi hawatakubali. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi sikukubali. Nilikuwa nikiandika msimbo ambao mwenzangu hakuweza kuuelewa, nikadhani hiyo ndiyo akili.

Anayeijua Mulago atanielewa upesi. Hospitali hii ilianza mwaka 1913, na jengo lake kubwa likafunguliwa mwaka 1962. Mgeni atokaye kijijini kuja kumtazama mgonjwa wake huelekezwa hivi: “Panda, pinda kushoto, ila kama mlango umefungwa zunguka nyuma, na kama ni jioni, muulize askari kwanza.” Kabla hajafika njia panda ya nne amekwisha sahau ya kwanza. Mgeni huyu si mjinga, bali njia panda zimemzidi. Msomaji wa msimbo naye ni mgeni wa namna hiyo, na kila neno “kama” katika programu ni njia panda.

Jambo hili lapimika. Mwaka 1976 Mmarekani Thomas McCabe alitangaza kipimo chake. Chukua kipande kimoja cha programu, hesabu kila mahali ambapo kompyuta yaulizwa swali ili ichague njia, kisha ongeza moja. Kipande kisicho na swali lolote chapata 1, kwa kuwa njia ni moja tu. Chenye maswali matatu chapata 4. McCabe alishauri kwamba kipande kimoja kisizidi 10. Hesabu hiyo haihitaji mtambo. Kalamu na karatasi zatosha.

Sasa nitaungama kosa langu. Niliandikia kliniki moja programu ya kuonyesha kiasi cha dawa za virusi vya Ukimwi wanachopewa watoto. Dawa hizo hupimwa kwa uzito wa mtoto: kuanzia kilo 3 hadi 5.9, kilo 6 hadi 9.9, kilo 10 hadi 13.9, kilo 14 hadi 19.9, na kilo 20 hadi 24.9. Mimi niliandika kila fungu kwa “kama” yake, na ndani ya kila “kama” nikatia nyingine: kama mtoto ni mgeni, kama anatumia dawa ya kifua kikuu, na kadhalika. Nilijisifu sana.

Siku moja muuguzi alinipigia simu. “Mwanangu, mtoto huyu ana kilo 6 kamili, na mashine yako haisemi kitu.” Nilitazama msimbo saa mbili nzima nisione kosa. Kumbe mahali pamoja niliandika “chini ya 6”, na pengine “zaidi ya 6”. Mtoto wa kilo 6 kamili alianguka katikati! Namshukuru Mungu kwamba mashine ilinyamaza, wala haikutaja kiasi kisicho sawa. Na namshukuru mama yule, maana alifungua kitabu chake akampa mtoto dawa inavyopasa. Usiku ule nilihesabu njia panda zangu. Zilikuwa 27, yaani kwa kipimo cha McCabe 28.

Nilifanyaje? Nilitoa mafungu yote ya uzito nikayapanga katika jedwali, mstari mmoja kwa kila fungu, na kile kipande kirefu nikakigawa vipande vidogo, kila kimoja na kazi yake na jina linaloitaja kazi hiyo. Kipande kikubwa kuliko vyote sasa kina 5.

Wako watakaosema, “Ugonjwa wenyewe ni mgumu, programu itakuwaje rahisi?” Ni kweli, ugumu wa ugonjwa haukupungua. Lakini umetoka gizani. Daktari asiyejua kutunga programu aweza kusoma lile jedwali na kusema, “Hapa umekosea.” Zamani hakuweza, na mimi mwenyewe sikuweza.

Lakini tusiiabudu namba. Kipimajoto huonyesha kwamba mgonjwa ana homa, hakimponyi. Nimeona mtu akikata kipande cha 19 katikati kama muwa, apate viwili vya 10, kisha akaviita “sehemu ya kwanza” na “sehemu ya pili”. Namba imeshuka, na msomaji amepotea vilevile.

Wala msidhani kwamba ni shauri la kazi yangu peke yake. Hapa Uganda vituo vingi vya afya vyatumia UgandaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, programu iliyoanza mwaka 2004, ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mtu. Waliouandika ni watu wa nchi nyingi, na wengi wao hawajaonana uso kwa uso. Mmoja wenu aweza kuurekebisha kesho, lakini ataurekebisha tu ikiwa waliomtangulia waliandika ili wasomwe.

Basi, ninyi mnaojifunza kazi hii, fanyeni jambo dogo. Kabla ya kumpelekea mwalimu programu yenu, hesabuni njia panda. Zikizidi tisa, gaweni. Kisha mpeni jirani yenu wa dawati aisome, nanyi mnyamaze. Akiuliza, “Hapa ulikuwa na maana gani?” msimcheke. Swali lake ni lile lile la muuguzi wangu, ila limekuja mapema, kabla ya mtoto kuletwa mizanini.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa zamani, Mulago