Jasho si Takataka
Katika madarasa yetu mengi jasho hufundishwa pamoja na mkojo, chini ya mada ya utoaji wa takamwili. Kwa maoni yangu, mpangilio huo unapotosha. Ni kweli kwamba jasho lina urea kidogo, lakini kuiondoa urea mwilini ni kazi ya figo. Tezi za jasho, ambazo mwanadamu anazo kati ya milioni 2 na 4, zina kazi kuu moja: kuupoza mwili.

Jasho hupoza linapogeuka kuwa mvuke. Gramu 1 ya jasho ikigeuka mvuke huchukua joto la kilojuli 2.4 hivi. Likidondoka chini, halipozi kitu. Ndiyo maana mwanafunzi akimbiaye Dar es Salaam, penye hewa yenye unyevu mwingi, hulowa chapachapa na joto lake likazidi kupanda. Mwenzake wa Dodoma hukauka upesi, asitambue ni maji kiasi gani yamempotea.

Hapo ndipo somo linapogusa uhai. Mchezaji anayepepesuka au kuchanganyikiwa, mwili ukimwaka moto, yumo hatarini, hata kama jasho lingali likimtoka. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa mara moja, huku tabibu akiitwa.

Basi, walimu wenzangu, tulifundishe jasho chini ya udhibiti wa joto la mwili. Na kila penye mpira wa shule, pawepo pia ndoo ya maji ya kunywa.