Filamu Hupimwa kwa Sikio Pia

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Filamu ni mgeni wa siku nyingi katika miji ya Kitale na Bungoma, na swali linalowastahili wapenzi wa Kiswahili ni iwapo mwenyeji amepona au amebaki kumkodolea mgeni macho. Wahakiki wengi huipima filamu kwa picha zake, fedha zilizotumika na tuzo ilizopata. Vipimo hivyo vina nafasi yake. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anacho kipimo kingine: filamu inasema lugha gani, na inampa nani haki ya kuisema?

Kipimo hiki hakikubuniwa darasani. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa 1963 mashamba yale yalikaliwa na watu wa makabila mengi. Ndiyo maana katika kibanda cha video mjini Kitale, Mbukusu huweza kuketi benchi moja na Mnandi, Mturkana, Mpokot na Mkikuyu. Bungoma nako Mbukusu hukutana na Msabaot, Mtachoni na Mteso. Lugha inayowaunganisha gizani humo ni Kiswahili.

Kwa kipimo hicho, Out of Africa (1985) inaanguka mapema. Ilitwaa tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na uzuri wa mandhari yake haukanushiki. Lakini Waafrika waliomo ni kama miti ya mandhari hayo: wapo, wanapendeza, na hawana la kusema. The Lion King (1994) ina kosa la aina nyingine. Ilikopa majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa, ikaieneza “hakuna matata” duniani kote, ilhali Kiswahili humo ni kipuli cha sikio, si ulimi. Anayedhani huo ni ushindi wa lugha na ajiulize ni mnyama yupi anayebishana, anayeomboleza au anayepanga njama kwa Kiswahili.

The Gods Must Be Crazy (1980) inachekesha, na N!xau alikuwa mwigizaji mwenye kipaji. Kicheko kisitusahaulishe kwamba ilitengenezwa Afrika Kusini ikiwa chini ya ubaguzi wa rangi. Inamchora Msan kama mtoto asiye na historia, na sauti ya msimulizi Mzungu ndiyo inayomsemea kila jambo.

The First Grader (2010) inaugusa mji wa Kitale kwa ujirani. Ni kisa cha Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Oliver Litondo anamwigiza kwa heshima isiyo na unyenyekevu wa kujipendekeza. Dosari ni kwamba mzee anayetamani kujua kusoma anazungumza Kiingereza kwa wepesi tangu mwanzo. Mtazamaji ananyang'anywa nusu ya safari yake.

Nairobi Half Life (2012) ya David “Tosh” Gitonga inafuzu. Mhusika wake mkuu, Mwas, ni kijana wa mashambani anayeuza filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja. Sheng, Kiswahili na Kikuyu vinapishana humo kama vinavyopishana barabarani. Anayekerwa na Sheng hiyo akumbuke kwamba si uchafu wa lugha bali ni anwani ya wahusika. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, kuhusu Jo, mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamsaidia kuwa shujaa, inaliza bila kuomba machozi.

Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji ina Kiswahili cha Zanzibar kinachosikizika kwa raha. Onyo moja tu: filamu imechagua mapenzi ya Yasmin na Denge, ikaacha vichochoro vingi ambavyo riwaya ya Shafi Adam Shafi inavipitia. Mwanafunzi atakayeitazama ili asiisome riwaya atakuwa amekula harufu ya pilau.

Ng'ambo ya mpaka wa Malaba iko Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kwa fedha kiduchu. Hadithi yake ni hafifu, lakini sauti ya VJ Emmie, anayeitania filamu huku ikiendelea, ndiyo inayoipa uhai.

Sauti ya namna hiyo ndiyo inayorudisha hoja kwenye benchi la Kitale. Commando (1985) ni hadithi nyembamba: mtu mmoja, bunduki nyingi, na maadui wasiojua kulenga shabaha. Filamu za aina hiyo zinapopita kinywani mwa msimulizi kama DJ Afro, mtu wa Marekani huanza kudai madeni na kutoa vitisho kwa Kiswahili cha mitaani. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba maneno asilia yamepotoshwa, kwamba matusi yamezidi, kwamba wanawake hudhihakiwa mno. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hiyo ni tafsiri, tena ya papo kwa papo, inayomwezesha asiyejua Kiingereza kucheka pamoja na wenzake.

Bungoma haipaswi kuistaajabia sanaa hiyo. Wabukusu wana kumuse, hotuba ya mwenye kipawa anayesimama mbele ya waombolezaji baada ya kifo cha mzee, akisimulia historia, akionya na kuchekesha. Isimu na fasihi simulizi huitafiti kumuse kwa heshima. Msimulizi wa filamu naye anasimama mbele ya hadhira na kuifanya ielewe. Kwa nini asikilizwe na wafanya biashara peke yao?

Simu ya mkononi sasa imemfanya kila mtazamaji kuwa na kibanda chake mfukoni, na mtu anayetazama peke yake hahitaji msimulizi wa umati. Idara za Kiswahili, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma kwenyewe, na vyama vya wanafunzi wake, zina nafasi ya kurekodi, kunukuu na kuhakiki usimulizi huu wakati wasimulizi wangali hai. Simu hiyo hiyo ina kinasa sauti. Likizo ijayo, mwanafunzi anayerudi nyumbani Kitale na aitumie.