Kabla mtoto hajapanda kitanda cha juu

Hosteli za vijana za Ujerumani zilitokana na mvua. Mwaka 1909 mwalimu Richard Schirrmann alinaswa na radi akiwa matembezini na wanafunzi wake, wakajihifadhi shuleni usiku kucha. Mwaka 1912 akafungua hosteli ndani ya ngome ya Altena, na watalii bado huitembelea.

Mzazi anayezuru nchi hiyo na watoto, au anayemruhusu kijana wake aende na wenzake, atapenda bei. Ila mara nyingi chumba ni cha pamoja, na kunguni hawajali nchi tajiri. Kabla ya kutandika, inua godoro, mulika mishono kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi, omba chumba kingine.

Mwenye pumu ndiye wa kuangaliwa zaidi. Pampu iwe karibu na mto, si kwenye kabati lililofungwa kwa kufuli. Tena mwenzake wa chumba aonyeshwe ilipo, maana saa nane usiku mama hayupo. Walio chini ya miaka 6 wasilale juu, hata wakililia.