NG'AMBO NAYO NI MJI

Ndugu wanachama, tuanze na jambo tulilolikuta darasani. Tulipokuwa tukifanya mazoezi ya ualimu katika skuli moja ya hapa mjini Unguja, tuliwauliza watoto wa darasa la sita swali jepesi: Mgeni akija kwenu, mtampeleka wapi akautazame mji? Mikono ikapanda juu kwa furaha. Mmoja akasema Forodhani, wa pili Ngome Kongwe, wa tatu Beit al-Ajaib, wa nne akataja milango ya nakshi. Tukawauliza tena: Nyinyi mnakaa wapi? Wakajibu Mwembetanga, Miembeni, Kwahani, Jang'ombe, Mikunguni. Basi hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyetaja mtaa wake kuwa ni pahala pa kuonyeshwa mgeni.

Hatukuwalaumu watoto. Tulijilaumu sisi wakubwa, kwani mtoto hujua anachoambiwa. Tangu Mji Mkongwe ulipoandikwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia, picha zote, vitabu vyote na watembezaji wote wamekuwa wakiishia Darajani. Mji Mkongwe ni wetu na twauonea fahari. Lakini wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo mgeni anaonyeshwa mlango, khalafu anarudishwa kwao. Ndani hapajui.

Ndani ni Ng'ambo. Jina lenyewe lasema asili yake. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliougawa mji, majengo ya mawe upande wa magharibi na vibanda vya udongo na makuti upande wa mashariki. Watu walivuka kwa daraja, na hapo ndipo pakaitwa Darajani, ambapo soko lilijengwa mwaka 1904. Katika karne ya 20 mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo mpaka ukawa nchi kavu. Maji yamekwisha, daraja limekwisha, lakini neno "ng'ambo" limebaki, na khatari ni kwamba limebaki vichwani mwetu kuliko ardhini. Atazamaye kutoka upande wa mawe ndiye aliyetuita sisi watu wa ng'ambo. Kwa mtu wa Mikunguni, ng'ambo ni kule.

Ni nani waliokaa huku? Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wengi waliotoka mashambani na katika majumba ya mabwana walikuja kujenga huku. Walikuwapo Waswahili wa siku nyingi, Wangazija, watu wa bara, watu wa Pemba na Tumbatu, na Waarabu na Wahindi wasiokuwa na mali. Wakaichora mitaa yao kwa majina ya vitu walivyoviona: Mwembetanga, Miembeni, Mikunguni na Michenzani kwa miti, Mchangani kwa mchanga, Kisimamajongoo kwa kisima. Mtu akitaka kujua Ng'ambo ilikuwaje kabla ya saruji, na asome majina hayo.

Nyumba ilikuwa ya mtu, lakini udongo uliokuwa chini yake mara nyingi ulikuwa wa mwingine, na mwingine huyo alidai kodi ya kiwanja. Kodi ilipozidi kupanda, mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, wanawake wakiwa mstari wa mbele pamoja na wanaume. Serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuizuia kodi hiyo isipandishwe ovyo. Twaomba kila mwanachama aushike mwaka huo. Ni miaka 29 kabla ya uchaguzi wa kwanza. Kabla hatujawa na chama wala kadi, tulikuwa na mtaa, na mtaa ulijua kusema hapana.

Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Alizaliwa Fumba katika nyumba ya kimaskini, akaja mjini akiuza vyungu, na akafanya jina lake huku Ng'ambo, akiimba kwa Kiswahili mambo ya mahakama, ya dhuluma na ya mapenzi, hata matajiri wakamwita majumbani mwao. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Na leo twauliza: kijana wa Ng'ambo aweza kumwonyesha mgeni kitu gani mtaani kwake akasema, huyu alikuwa wetu?

Siasa nayo ilipikwa huku. Mgomo wa 1948 ulianza bandarini kwa wachukuzi, na wachukuzi walikuwa wakilala Ng'ambo. Ukaenea mpaka mji mzima ukasimama. Katika uchaguzi wa Julai 1957, Abeid Amani Karume alisimama katika jimbo la Ng'ambo dhidi ya Ali Muhsin Barwani, akashinda kwa kura zaidi ya mara tatu ya zile za mwenziwe. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 kambi ya polisi ya Ziwani ilivamiwa, na Raha Leo, jengo ambalo Waingereza walilijenga liwe la burudani ya Waafrika, likawa makao ya Mapinduzi na sauti ya redio yake. Siku zile ziligharimu roho nyingi za watu wa kila asili, na mwenye kuisimulia historia kwa haki hulisema hilo pia. Mwaka 1972, tarehe 7 Aprili, Karume aliuawa Kisiwandui katika makao ya chama, na hapo hapo ndipo lilipo kaburi lake. Yote hayo ni mwendo wa miguu kutoka Darajani.

Twende sasa Michenzani, maana hapo ndipo pa kusema kweli hata ikituuma. Baada ya Mapinduzi, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki na kwa mikono ya wananchi waliojitolea, yalisimamishwa majumba marefu kama magari ya moshi, yakikutana msalaba katika mzunguko wa barabara. Ndani yake mna nyumba zaidi ya 1,000. Familia iliyokuwa ikivujiwa na makuti ilipewa ukuta wa saruji, umeme na choo cha ndani. Hilo si dogo, na asiyewahi kulala chini ya paa linalovuja asilidharau.

Lakini ili majumba yasimame, nyumba za watu zilivunjwa na mitaa ikakatwa katikati, na si kila aliyevunjiwa alirudi pale pale. Bibi aliyezoea uwani wake, kinu chake na jirani yake wa mlango kwa mlango, alipandishwa ghorofani. Baraza hupandishwi nayo. Wazee wangali wakisimulia. Twayasema haya kwa sababu leo majumba mengine marefu yanapangwa na kujengwa, na jambo jema hufanywa vizuri zaidi na mtu aliyekubali alipokosea mara ya kwanza.

Kwani uzuri wa Ng'ambo hauko katika jengo moja. Uko katika namna watu wanavyokaa. Pita Mwembetanga baada ya alasiri uone baraza zilivyojaa: huku bao, huku dhumna, huku kahawa chungu na kashata, na habari za dunia nzima zikichambuliwa na wazee ambao hawajapanda ndege. Pita Vikokotoni na Mchangani, ambako kanga hununuliwa kwa kusomwa jina kwanza na rangi baadaye. Kula urojo Darajani. Siku za Idd watazame watoto wamevaa nguo mpya wakielekea uwanja wa Kariakoo. Siku ya mpira fuata makelele mpaka Amani, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1970. Hakuna tiketi ya kuingilia barazani. Panahitajika salamu tu.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na kati yao 893,169 wamo Mkoa wa Mjini Magharibi. Mji Mkongwe ni kipande kidogo tu cha mkoa huo. Basi watu hao wakaao nje ya kuta za mawe, na Ng'ambo ndiyo mama yao, watasemwaje kuwa ni ukingo wa mji? Na fedha ya mgeni ikiishia Forodhani, mama muuza mikate wa Kwahani ataionaje?

Tusingoje serikali kwa kila kitu. Twayapendekeza mambo manne ambayo tawi lolote laweza kuyaanza mwezi huu. Kwanza, kila tawi liwachague vijana wawili wenye mwandiko mzuri, wakae na wazee waandike asili ya jina la mtaa, nani alichimba kisima, msikiti ulijengwa lini na kwa mchango wa nani. Pili, skuli zipewe habari hizo, mtoto aisome Miembeni kabla hajaisoma London. Tatu, vijana wasio na kazi wafundishwe kuwatembeza wageni Ng'ambo kwa adabu, kwa ruhusa ya wenye mtaa, na bila ya kumpiga picha mtu kama mnyama wa porini. Nne, kila ramani mpya ya ujenzi ibandikwe barazani kabla ya kupitishwa, wakaazi waisome na waseme, na mwenye kuvunjiwa ajue kwa maandishi atahamia wapi na atarudi lini.

Hili la nne ndilo zito kuliko yote. Watu wa 1928 waligombania haki ya kukaa bila ya kutishwa na mwenye udongo. Baada ya Mapinduzi udongo ukawa wa serikali, yaani wetu sote. Ikiwa ni wetu sote, basi hakuna anayestahiki kusikia habari ya nyumba yake kutoka kwa dereva wa tingatinga.

Tumekusudia kurudi katika darasa lile mwakani na swali lile lile. Yatupasa, ndugu zetu, tufanye kazi ili japo mtoto mmoja anyanyue mkono aseme: Mwalimu, mgeni wangu nitampeleka kwetu.