Mfagiaji naye afundishwe kazi

Kijana wa Vidunda akishuka mlimani kutafuta riziki, njia zake ni chache. Ataangukia kwenye miwa ya Kidatu, au atadandia gari hadi Mikumi, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa imezaa magesti, mabaa na hoteli za watalii. Akibahatika anapewa ndoo, fagio na chupa ya asidi ya chooni. Anaambiwa: anza. Hiyo ndiyo semina yake.

Wakubwa wengi wanaamini kusafisha si kazi ya kusomea. Tunawauliza: nani amemwambia kijana huyo kwamba akimimina asidi ya chooni juu ya jiki inatoka hewa ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliitumia kuua askari vitani kule Ypres mwaka 1915? Choo chenyewe dirisha lake ni tundu la ngumi. Atakohoa mpaka atapike, halafu ataitwa mvivu.

Mteja naye hasalimiki. Tambara lililotoka chooni likapita kwenye meza ya chakula limehamisha uchafu tu. Jiki ikimwagwa juu ya matapishi kabla hayajazolewa, nguvu yake inaishia humo humo. Hata kuipima kuna utaratibu: kwa matapishi na damu, jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, ikaachwa dakika 10 ndipo ifutwe. Ni mafunzo ya siku mbili tatu, lakini hakuna anayezaliwa nayo. Mkoa wa Morogoro, ulioguswa na kipindupindu cha mwaka 2015, hauhitaji kuhadithiwa.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amfundishe mtu wake hatari za kazi na ampe vifaa vya kujikinga bila kumkata senti. Fedha nazo zipo. Waajiri wakubwa wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Enzi zile ilipokuwa asilimia 6, VETA iliambulia 2. Zile 4 zikaishia Hazina. (Ufundi wa kugawana, huo tunaukubali.)

Na VETA hiyo ina chuo pale pale Mikumi. Basi Halmashauri ya Kilosa isimpe mtu tenda ya kusafisha soko, stendi wala hospitali kabla hajaonyesha kwamba watu wake wamefundishwa. Tenda ikitolewa kwa kuangalia bei ya chini peke yake, zinaanza kupotea glavu, inafuata sabuni, mwisho mshahara wa mfagiaji.

Nanyi vijana, msipokee ndoo kimya kimya. Ukikabidhiwa chupa isiyo na lebo, uliza ndani mna nini na hakichanganywi na nini. Bosi akikufokea, OSHA wana wakaguzi, na choo cha gesti nacho ni mahali pa kazi.