Stesheni ya Malampaka isingoje kufa ndipo iitwe urithi

JICHO LA MASWA
Na Kulwa Masunga

Kwa mtu wa Ipililo, kusema reli ni kusema Malampaka. Tangu njia ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, pamba ya Maswa imepandishwa mabehewa pale, na pale ndipo walipopandia wazee wetu waliokwenda kukata mkonge Tanga. Wengine walirudi na masanduku ya bati, wengine hawakurudi kabisa.

Sasa reli ya kisasa (SGR) inatujia. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikiwekea jiwe la msingi Juni 2021, kinapita Malampaka. Nisieleweke vibaya, naisubiri SGR kwa hamu kama mkulima yeyote mwenye gunia la kusafirisha. Ninachouliza ni hiki: abiria wakihamia stesheni mpya, ile ya zamani itakuwa mali ya nani, na itafanya kazi gani?

Ukiuliza vijiweni utajibiwa, "Si itakuwa makumbusho?" Jibu jepesi hilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya kwanza nchini ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na Wajerumani. Piga hesabu mwenyewe: huku bara hakuna stesheni hata moja inayolindwa kwa umri wake tu. Mpaka waziri mwenye dhamana aitangaze. Asipoitangaza, jengo la 1928 mbele ya sheria hii halina tofauti na banda la juzi.

Itazame Tanga, mji wa pwani ulioizaa reli yetu. Njia yake ndiyo iliyowatenga watu wa mtaa wa Ngamiani na wale wa Uzunguni. Novemba 1914, Waingereza walipoteremka pwani na jeshi kubwa, askari wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck waliletwa kwa treni kutoka Moshi, wakawarudisha baharini. Stesheni yenye historia ya namna hiyo, kwingineko ingekuwa inauza tiketi za watalii kila siku. Mwaka 2019 treni za reli ya kaskazini zilifufuliwa baada ya kulala miaka mingi. Saruji ya Tanga ikapanda Moshi, abiria wakaanza kusafiri tena, na Oktoba 2020 wakafika Arusha. Tukashangilia, na ilistahili. Lakini treni hiyo ya abiria hutoka Dar es Salaam, ikakata Ruvu na kuibukia Mnyusi, kisha ikashika njia ya Korogwe. Tanga mjini haigusi. Reli imefufuka, mama yake karukwa.

Ndiyo maana siamini sana rangi mpya na kibao ukutani. Kinacholiweka jengo hai ni watu wenye shughuli ndani yake. Nairobi walilielewa hilo mapema, wakafungua makumbusho ya reli mwaka 1971 wakiwa na vitu vya kuonyesha. Limo hata behewa ambamo simba alimtoa ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900, akatokomea naye gizani. (Ofisa huyo alikuwa amemvizia simba huyohuyo.) Mtoto wa shule akisimama mbele ya dirisha la behewa lile hahitaji mwalimu wa kumsisitizia.

Sisi hatuna simba wa Kima. Tuna pamba, tuna mchele, tuna akina mama ambao treni ikisimama huinua mabeseni ya karanga na mahindi hadi madirishani, huku mkono mmoja ukidai chenji kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Biashara hiyo SGR itaiua, tusidanganyane. Madirisha yake hayafunguki, na treni ya umeme haisubiri mtu atafute shilingi mia tano. Basi jengo la zamani lipewe akina mama hao: soko la nafaka na chakula, chumba kimoja kiachwe kwa mizani, kengele, taa za ishara na daftari za stesheni, kabla havijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kodi ya vibanda ndiyo itakayolipia mabati paa likivuja.

Halmashauri ya Maswa haihitaji mfadhili kuanza. Inahitaji kukaa na Shirika la Reli mwaka huu, si baada ya utepe kukatwa, wakubaliane kwa maandishi nani atashika funguo. Kisha barua iende kwa waziri, ikiomba stesheni itangazwe rasmi. Madiwani wa Ipililo, Malampaka na kata jirani, kikao chenu kijacho kiwe na ajenda hiyo.